Sinki la bakuli moja au mabakuli mawili? Kaunta inakatwa Jumamosi

BintiSeremala:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi. Siku hiyo fundi anakuja kukata tundu la sinki kwenye kaunta, na jiwe likishakatwa limekatwa.

Wiki ya tatu hii nazunguka na swali moja tu: nichukue sinki la bakuli moja pana, au lile la mabakuli mawili yenye ukuta katikati? Kabati la chini lina upana wa sm 80 nje kwa nje. Ukiondoa mbao za ubavuni inabaki sm 76 na kidogo. Nimeonyeshwa masinki mawili yanayoingia humo. Moja ni bakuli moja, ndani sm 70 kwa 40, kina sm 25. Jingine ni mabakuli mawili, kila moja sm 34 kwa 40, ukuta wa sm 2 kati yake, kina sm 20. Yote yanafungwa chini ya jiwe.

Nyumbani tuko sita, hatuna mashine ya kuoshea vyombo na sitarajii kuipata. Asubuhi naosha mimi. Jioni anaosha mama mkwe wangu. Hiyo ndiyo saa yake ya kutulia na hataki mtu amsaidie. Vyombo vinavyonitesa ni viwili. Kuna sufuria yenye kipenyo cha sm 36 na kimo cha sm 24, masikio yake kutoka ncha hadi ncha ni sm 48. Halafu kuna trei ya oveni ya sm 46 kwa 37. Vyote viwili hutumika karibu kila siku.

Sinki la sasa ni bakuli moja dogo, sm 45 tu. Nikiloweka sufuria humo jiko zima linasimama. Mtoto akija kunawa mikono hana pa kunawia. Nikiwa na maji ya moto mkononi sina pa kumwaga, nabaki nimesimama na mvuke usoni nikitafuta pa kuyaweka. Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye mabakuli mawili. Lakini wifi yangu analo la namna hiyo, na kila nikienda kwake nakuta masufuria makubwa yanaoshewa nje, chini, kwenye beseni. Hilo linanitia hofu.

Atakayejibu naomba aseme ametumia sinki gani, kwa muda gani, na anaosha vyombo gani. Picha za majiko mazuri nimeshaziona nyingi, hazijanisaidia.

Kisima_Kirefu:

Dada, chukua mawili. Nina mwaka wa tisa nalo, naosha kwa mkono vyombo vya watu watano.

Sababu yangu ni maji. Siku moja nilichukua jagi la lita 1 nikaliweka chini ya koki, nikaifungua kama ninavyoifungua siku zote ninaposuuza. Lilijaa kwa sekunde 8. Hiyo ni lita saba na nusu kwa dakika. Kusuuza vyombo vya jioni kwa maji yanayotiririka kulikuwa kunanichukua kama dakika 10, yaani lita 75 zinaenda zake. Sasa upande mmoja natia maji ya sabuni, upande wa pili maji safi mpaka sm 10. Kwa bakuli kama hilo lako la 34 kwa 40 ni lita 13 na nusu hivi. Hata nikiyamwaga katikati ya kazi nikatia mengine, sijafika 30.

Sufuria kubwa kweli inasumbua, sikufichi. Lakini sufuria ni moja, sahani na vikombe ni vingi.

Nyumba_ya_Pili:

Dada, mimi nimeishi na yote mawili: miaka sita na mabakuli mawili, sasa mwaka wa tatu na bakuli moja la sm 70. Kwenye ukuta sirudi, ila nitakwambia pia ninachokikosa.

Miaka ile sita, bakuli la kulia lilikuwa kichanja. Vikombe vilikaa humo asubuhi mpaka usiku vikichuruzika, na vikishakauka vilibaki palepale kwa sababu palikuwa pazuri pa kuviweka. Kwa hiyo nilikuwa naoshea kwenye sm 34, hizo nyingine zimekaliwa.

Sasa fikiria hiyo sufuria yako. Sufuria haioshwi ikiwa imesimama tu. Unailaza ubavu, unaingiza mkono, unasugua, unaizungusha kidogo, unasugua tena, halafu unaigeuza kitako juu utoe masizi. Kwenye bakuli la sm 34 haitaingia hata kusimama, maana yenyewe ni 36. Ukiilaza itaingia, lakini ukianza kuizungusha sikio linagonga ukingo wa mbele na hapo imekwama. Mimi yangu nilikuwa naishikilia nusu ndani nusu nje. Maji yanafuata sikio, yanashuka kwenye kiwiko, yanaingia tumboni, yanamalizikia sakafuni. Kitambaa cha kupangusia kilikuwa hakiondoki miguuni pangu. Trei nilikuwa naisimamisha wima: naosha nusu ya chini, naigeuza, naosha nusu nyingine, na muda wote upande ulio juu unadondosha mafuta kwenye kaunta.

Siku ya kwanza kwenye bakuli moja nililaza trei chini, gorofa, ikafunikwa na maji yote. Niliacha mikono humo kwa muda, nikisikia tu jinsi ilivyotulia. Miaka sita nilikuwa nashindana na ukuta na nilishazoea kuamini kwamba kuosha vyombo ndivyo kulivyo.

Ninachokikosa ni mahali pa kumwaga. Bakuli moja halimsamehi anayeacha vyombo. Ukilala vimelala humo, asubuhi huna sinki, una rundo. Na kulijaza lote kwa ajili ya kuosha ni kupoteza maji: sm 70 kwa 40 kwa kimo cha sm 10 ni lita 28. Mimi naweka beseni la plastiki upande mmoja, sm 32 kwa 28, linachukua lita 10 hivi, na humo ndimo kwenye sabuni. Ninasuuzia upande wa pili. Ikija sufuria, beseni linatoka.

Kisima_Kirefu:

Hapo kwenye beseni nakubali una hoja. Lakini beseni hilo likishajaa maji machafu na mafuta unalimwagaje? Unalinyanyua?

Nyumba_ya_Pili:

Silinyanyui. Naliinamisha palepale polepole, maji yanaelekea tunduni. Kilo kumi za maji zinainama kwa mkono mmoja. Mwenye kifundo kinachouma atumie beseni dogo zaidi, au atafute lenye kizibo chake chini.

Fundi_wa_Maji:

Nimesoma. Mimi nafunga na kuzibua masinki, mwaka wa 17 sasa, kwa hiyo nitasema yaliyo chini ya sinki, maana juu mmeshayasema vizuri.

Sinki la mabakuli mawili lina matundu mawili lakini trapu moja, yaani lile bomba lililopinda linalobaki na maji kuzuia harufu. Bomba la kila bakuli linashuka, yanaungana kwa tii (kiungo chenye umbo la T), kisha yanaingia kwenye trapu. Kati ya bakuli na bakuli kuna kipande cha bomba kinacholala, na hicho ndicho kinacholeta shida. Kikikosa mteremko, mafuta yanaganda humo taratibu. Nyumba nyingi ninazoitwa, mwenye nyumba ananiambia "nikimwaga upande huu maji yanatokea upande ule." Maana yake kizuizi kiko baada ya muungano, na bakuli lako la kusuuzia limeshapokea maji ya sabuni. Ikikutokea, kabla ya kupampu kwa mpira wa kuzibulia ziba kwanza tundu la pili kwa kitambaa kilicholowa, ukandamize. Usipoliziba, nguvu yote inatokea huko na kizuizi hakisogei. Na fundi akitaka kukuwekea trapu mbili zinazofuatana, mkatalie. Hewa inanaswa katikati na maji yanashuka kwa kusuasua.

Bakuli moja ni bomba moja, nati chache, nafasi kubwa kabatini. Lakini lina masharti yake. La kwanza, unene wa chuma. Sakafu pana ya chuma chembamba inabonyea na inapiga kelele kama ngoma kila kijiko kikianguka. Unene huo hutajwa kwa geji, na kumbuka namba ya geji ikishuka chuma kinanenepa: geji 16 ni mm 1.6 hivi, geji 18 ni mm 1.2 na ushee, geji 22 haifiki hata mm 1. Kwa bakuli la sm 70 usiende chini ya unene wa geji 18. Geuza sinki uangalie mgongoni: pawe na mpira mnene uliogandishwa, usiwe rangi iliyopuliziwa tu. Watu hupima ubora kwa sumaku, haitoshi. Chuma cha pua cha daraja la 304 kwa kawaida hakishiki sumaku, lakini hata cha daraja la 201 hakishiki, nacho kinawahi kupata kutu. Tafuta namba iliyopigwa muhuri au iliyoandikwa kwenye karatasi zake.

La pili ndilo ninalotaka ulifikirie sana: kina. Hilo lako la bakuli moja ni sm 25 na linafungwa chini ya jiwe. Kaunta yako ina kimo gani? Kama ni sm 90 na jiwe lina unene wa sm 3, sakafu ya sinki itakuwa sm 62 kutoka chini. Anayeosha atashusha mikono mpaka huko kwa nusu saa. Wengi hudhani kina kirefu kinamtesa mtu mfupi. Anayeumia ni mrefu, kwa sababu mabega yake yako juu zaidi na ni lazima ainame kuifikia sahani. Mama mkwe wako ana urefu gani?

BintiSeremala:

Kaka fundi, umenishtua. Mama ni mrefu kuliko sisi sote, sm 176, na mgongo wake una historia. Kaunta ni sm 90 na jiwe ni sm 3, kama ulivyokisia. Mimi wiki zote hizi nilikuwa natazama ukuta wa katikati tu. Kina nilikiandika kwenye karatasi lakini sikukifikiria.

Hebu nipeni siku moja.

Mlezi_Jikoni:

Wakati tunamsubiri, naomba niongeze moja kwa wanaosema mabakuli mawili ni salama zaidi kwa kuwa nyama mbichi ina upande wake. Mimi nilikuwa naamini hivyo. Ukuta hauzuii matone; koki ikifunguliwa juu ya nyama maji yanaruka kila upande. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu waliopikia kwenye majiko ya majaribio. Kati ya waliosuuza kuku mbichi, asilimia 60 walikutwa na bakteria kwenye sinki baadaye, na asilimia 14 bado walikuwa nao hata baada ya kujaribu kulisafisha. Asilimia 26 waliwahamishia kwenye majani ya saladi. Ushauri wa wizara ni kutoisuuza kabisa nyama hiyo, joto la kupikia ndilo linaloua. Na kama sinki limeguswa na nyama mbichi, lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, lisuuzwe, kisha lipitishiwe dawa ya kuua vijidudu. Hiyo ni kazi ileile kwa bakuli moja au mawili.

Kisima_Kirefu:

Nashukuru kwa hilo. Upande wangu wa kulia nilikuwa nauita "wa nyama" miaka yote hii.

BintiSeremala:

Nimerudi. Baba yangu alikuwa seremala, na alikuwa na tabia ya kutengeneza kitu kwa maboksi kwanza kabla ya kugusa mbao. Jana usiku nikamkumbuka. Nimechukua katoni za friji, nikakata, nikaunganisha kwa gundi ya karatasi. Nimetengeneza masinki yote mawili kwa vipimo vyake halisi, nikayapachika moja baada ya lingine kati ya viti viwili, juu kukiwa na kipande cha mbao chenye kimo cha kaunta. Halafu nikaleta vyombo vyenyewe.

Mabakuli mawili: sufuria haikuingia. Nilijua kwa hesabu kwamba haitaingia, lakini kuiona imekalia ukingo kama kofia ndogo kwenye kichwa kikubwa kulimaliza mjadala moyoni mwangu. Trei ilisimama, zaidi ya nusu yake ikiwa nje.

Bakuli moja: sufuria ikalala, nikaizungusha mzunguko mzima, masikio hayakugusa popote. Trei ikalala gorofa.

Kisha nikamwita mama. Sikumwambia ninachotafuta. Nilimpa sahani kumi kavu na sponji kavu, nikamwomba aoshe kama anavyoosha jioni. Kwenye katoni ya sm 25, alipofika sahani ya nne alihamisha uzito mguu wa kushoto. Ya saba akaegemeza tumbo kwenye mbao. Hakulalamika, yeye halalamiki kamwe, lakini nilimwona mkono mmoja ukienda kiunoni. Nikakata katoni, nikapandisha sakafu mpaka sm 20. Akaosha zote kumi akiniambia habari za jirani, mgongo umenyooka, na alipomaliza akauliza kama kuna nyingine. Sm 5 tu jamani.

Nilipokuwa nafurahi ndipo nikaleta beseni, lile la 32 kwa 28 alilosema Nyumba_ya_Pili. Nikaliweka upande wa kushoto, nikagundua jambo ambalo bila katoni ningeligundua baada ya jiwe kukatwa. Sinki nililoonyeshwa lina tundu la maji katikati kabisa. Tundu lina upana wa sm 9, kwa hiyo linaanzia sm 30 na nusu kutoka ukutani. Beseni linaishia sm 32. Yaani linalifunika tundu kwa upana wa kidole. Nikaliweka kulia, hali ileile. Maji ya kusuuzia yangekuwa yanapita kwa kubanwa na mabaki yote yanakwama chini ya beseni.

Fundi, kuna masinki ambayo tundu halikai katikati?

Fundi_wa_Maji:

Yapo, dada, na ndiyo ninayoyapenda. Tafuta lenye tundu kwenye kona ya nyuma, kulia au kushoto. Beseni linakaa upande mwingine bila kugusa chochote, na bomba kabatini linasogea nyuma ukutani, mbele panabaki wazi. Angalia mambo mawili tu. Sakafu iwe na mteremko wa kweli kuelekea tunduni: mwaga glasi ya maji kona ya mbali kabisa palepale dukani uone kama yanafika yenyewe. Na kona za ndani ziwe na mviringo kidogo, mm 10 zinatosha sponji kuingia. Kona kali kabisa zinapendeza kwenye picha, ila utakuwa unazichokonoa kwa mswaki kila wiki.

Chagua upande wa tundu kufuata mkono wa mama. Anaanzia wapi?

BintiSeremala:

Anaanzia kushoto. Sabuni kushoto, kusuuza kulia, kichanja kulia zaidi. Kwa hiyo tundu kulia, nyuma.

Nyumba_ya_Pili:

Na koki je? Shingo yake ifike mpaka juu ya beseni, isiishie katikati. Yangu ni fupi na najaza beseni kwa jagi, inachosha. Ukipata yenye kichwa kinachovutika itakusaidia pia kusuuza kona za mbali.

BintiSeremala:

Asanteni sana. Naandika haya Jumapili jioni, jiko likiwa na vumbi la jiwe mpaka ndani ya vikombe.

Nimepata la bakuli moja, ndani sm 70 kwa 40, kina sm 20, geji 16, tundu kona ya nyuma kulia. Ilibidi nizunguke Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka saa sita, mabegani nimebeba katoni yangu iliyokunjwa na mkononi beseni. Kila nilipofika nililiomba sinki lishushwe chini, nikaweka beseni ndani, nikamwaga glasi ya maji kwenye kona. Mawili ya kwanza maji yalibaki yamesimama kwenye kona ya mbele, hayakwenda popote. La tatu yalikusanyika, yakasita kidogo, yakateremka mpaka tunduni yakaisha. Nikalichukua hilohilo la kwenye sakafu, sikutaka la ndani ya boksi.

Fundi amekata jana, silikoni imekauka usiku, leo mchana tumefungua maji. Kisima_Kirefu, nilipima na jagi kama ulivyofanya wewe: sekunde 9 yangu. Kwa hiyo kusuuza nitasuuzia kwenye maji yaliyotuama, nimeshanunua beseni la pili dogo kwa ajili hiyo. Yote mawili yanaingia kwa pamoja na tundu linabaki wazi.

Mama ameosha ile sufuria dakika chache zilizopita. Ameilaza, akaizungusha, akaigeuza kitako juu, akasugua masizi ya tangu mwaka jana kwa stilwaya. Sasa hivi anaiosha tena, na ilikuwa imeshatakata.